Mamangu aambiwa apigwe mionzi ziwa la kushoto, na moyo je?

Swali lenyewe: "Assalaam alaykum. Mamangu ana miaka 58, tuko Lamu mjini, Langoni. Alitolewa uvimbe ziwa la kushoto, ziwa lenyewe hawakulikata, kemo kamaliza, sasa daktari kamuandikia mionzi siku 15 huko Mombasa. Shangazi kamtia hofu, asema jirani yake wa zamani alipigwa mionzi ya kushoto akapona saratani lakini miaka ilipopita akafa na moyo. Mama ana presha, na sasa asema haendi popote. Nimwambie nini?"

Waalaykum salaam mwanangu. Nakujibu kwa urefu manake hili swali naulizwa sana, na mara nyingi naulizwa kwa kunong'onezwa, mama keshabadilisha nguo yuko ndani, binti ndio anatoka anivute mkono pale mlangoni aniulize "kwani huo moyo wake hauchomeki?" Mimi kwetu Malindi, kazi yangu ndio hii ya kulaza watu chini ya mashine ya mionzi, miaka mingi sasa. Makaratasi ya mamako sijayaona kwa hivyo la mwisho ni la daktari wake, lakini kwa hayo ulonieleza mimi ningekuwa ni mamangu ningempeleka. Ningempeleka na maswali mkononi, na kabla ya kupanda boti ningemfundisha kubana pumzi. Nitakueleza kwa nini pumzi.

Kwanza shangazi. Musimkemee, hasemi uongo. Miaka ya 70 na 80 mionzi ya ziwa ilipigwa kwa mashine na mbinu ambazo hazikuona moyo uko wapi hasa, siti skani ya kupangia (ile mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande) hamna, walikuwa wanapima kwa picha za kawaida za eksirei na kuchora kifuani, miale ikaingia ndani, na moyo ukala dozi kubwa. Ikaja ikaonekana wazi kwenye hesabu za wagonjwa wengi kwa pamoja kwamba mionzi imepunguza vifo vya saratani lakini vifo vya moyo vikaongezeka, sehemu ya faida ikaliwa hapo. Kwa hivyo kama huyo jirani alipigwa zamani upande wa kushoto, hadithi yake yawezekana kabisa. Lakini mamako hapigwi vile alivyopigwa yeye.

Sasa hebu mpigie mamako picha hii. Moyo umekaa katikati ya kifua ila umeegemea kushoto, ncha yake iko hapo nyuma ya ziwa, na mbele ya moyo kuna mshipa mmoja mkubwa unaoulisha damu unateremka kutoka juu kuja kwenye ncha, upande ule ule wa karibu na mbavu. Huo mshipa ndio tunaouogopea. Miale ya ziwa haipigwi moja kwa moja kutoka mbele kama tochi ya mtu anayekumulika usoni, inapita kwa mshazari, mmoja unatoka upande wa katikati ya kifua na mwengine unatoka ubavuni, inalipitia ziwa na ubavu juu juu. Tatizo ni kwamba kifua ni cha mviringo na mwale hupita mstari ulionyoka, kwa hivyo kila ukilipata ziwa lote kuna kipande kidogo cha ndani unakipata pia, mapafu kidogo, na kwa wa kushoto, ncha ya moyo. Wa kulia hawana shida hii sana.

Ndio hapo pumzi inaingia. Mtu akivuta pumzi ndefu mapafu yanajaa kama tanga, kile kiwambo cha chini ya mapafu kinashuka, na moyo unavutwa chini na nyuma, unatoka kwenye mbavu. Kuna mama mmoja wa huku kwetu ambaye sitamsahau, tulimfanyia siti skani mbili, moja akipumua kawaida na moja amebana pumzi, alafu tukaziweka kwenye skrini kando kando. Ile ya kwanza ncha ya moyo imeingia kabisa ndani ya mstari wa mwale, kipande kama ukucha wa kidole gumba. Ile ya pili, mstari ni ule ule, ziwa ni lile lile, lakini kati ya moyo na mbavu pamekuja weusi, na weusi kwenye siti skani ni hewa, ni pafu limeingia katikati likausukuma moyo nje. Binti yake alikuwa nyuma yangu akasema "kumbe umesogea!" Umesogea kwa pumzi tu, wala hajapewa dawa wala sindano.

Hii mbinu hospitali nyingi zinatumia, na kwa wanawake wengi dozi ya moyo inashuka kama nusu au zaidi. Na usiambiwe kwamba lazima muwe na kifaa maalum cha pumzi cha bei kubwa. Uingereza walifanya utafiti unaitwa HeartSpare, ulitoka 2013, wakalinganisha kifaa cha kuzuia pumzi na mgonjwa kubana mwenyewe kwa hiari yake huku wahudumu wanatazama alama za kifuani kwa kamera, na kubana mwenyewe kukawa sawa sawa kwa kuulinda moyo, alafu wagonjwa wenyewe wakasema ndio wanapendelea. Mimi hilo ndilo lililonifurahisha sana kwa huku kwetu, manake linahitaji tu mgonjwa aliyefundishwa na wahudumu wenye subira.

Sasa hesabu, nenda nayo polepole. Mionzi hupimwa kwa grei. Mamako kwa siku 15 ziwa litapata kama grei 40, hiyo ndiyo dozi ya kawaida ya siku 15. Moyo haupati 40, moyo unapimwa wastani wake wote, na kwa mpango mzuri wa kushoto siku hizi wastani huwa ni grei chache tu, ukibana pumzi vizuri mara nyingi ni kama 1 au 2. Utafiti mkubwa uliotoka 2013, wa wanawake 2168 wa Sweden na Denmark waliopigwa mionzi kati ya 1958 na 2001, ulionyesha kila grei moja ya wastani inaongeza hatari ya ugonjwa mkubwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4, na hatari yenyewe inaanza ndani ya miaka mitano ya mwanzo na inaendelea mpaka zaidi ya miaka 20. Hakuna dozi waliyosema hii ndio haina neno kabisa, ndio manake tunahangaikia hata grei moja.

Lakini usiisome hiyo 7.4 ukadhani ni wanawake saba kati ya mia watakufa, la. Ni nyongeza juu ya hatari aliyokuwa nayo tayari. Wenyewe walipiga mfano: mwanamke wa miaka 50 asiyekuwa na shida yoyote ya moyo, moyo wake ukila wastani wa grei 3, uwezekano wa kufa na moyo kabla ya kufika 80 unatoka 1.9 kwa mia unafika 2.4. Yaani ukichukua wanawake 1000, waliokuwa wafe na moyo 19 wanakuwa 24. Watano wameongezeka. Sio kitu cha kudharau, hao watano ni mama za watu.

Upande wa pili wa mizani je? Mwaka 2011 zilikusanywa tafiti 17 za wanawake kama mamako, waliotolewa uvimbe ziwa likaachwa, jumla wanawake zaidi ya elfu 10. Wasiopigwa mionzi, saratani ilirudi kwa 35 kati ya 100 ndani ya miaka 10. Waliopigwa, 19. Na vifo vya saratani ya ziwa kwa miaka 15 vikatoka 25 na kidogo vikawa 21 na kidogo kwa mia, ukiweka kwa 1000 ni kama wanawake 38 hawakufa. Sio wanawake wale wale wa ule utafiti wa kwanza, na dawa za siku hizi zimeshusha hizi namba zote, lakini uzito wa mizani unauona. Ziwa likiachwa bila mionzi, mbegu ndogo ndogo ambazo kisu hakikuziona zinabaki mle. Mama akikataa mionzi kwa ajili ya moyo anaikimbia mvua ndogo anaingia kwenye kubwa.

Haya, presha. Hapa ndipo mumshike mama kweli kweli. Umeona nimesema mionzi inaongeza juu ya hatari aliyonayo, sasa mwenye presha hatari yake ya mwanzo iko juu tayari, na asilimia ile ile ya kitu kikubwa ni kubwa. Kwa hivyo kuishusha presha ni kuukinga moyo na mionzi pia, watu hawalioni hili, wanadhani moyo unalindwa na mashine peke yake. Dawa ya presha anywe kila siku hata siku za safari, hata siku anajisikia mzima. Ng'onda na papa mkavu apunguze, najua ni chakula chetu na najua utamu wake na wali wa nazi, lakini ile chumvi kwa mtu wa presha ni nyingi mno, na achari pia. Sukari apimwe. Kolesto apimwe. Kama anakula tambuu na tumbaku, tumbaku itoke. Na kama nyumbani kuna mtu avuta sigara asivute alipo mama, manake uvutaji na mionzi vikikutana kwenye moyo na mapafu vinaongezana vibaya, wanaovuta ndio wanaoumia zaidi na mionzi hii baada ya miaka.

Alafu kemo. Muulize daktari kama katika dozi alizopigwa kulikuwa na ile dawa nyekundu, ile ambayo hata mkojo unatoka mwekundu, jina lake doxorubicin. Hiyo nayo ina tabia ya kuudhoofisha msuli wa moyo, na jinsi dozi zinavyojumlishwa ndivyo hatari inavyopanda. Na kama atakuwa anadungwa trastuzumab (wengine waijua kwa jina la Herceptin) basi moyo wake unatakiwa upigwe eko kila baada ya miezi mitatu hivi. Eko ni ile picha ya moyo kwa ultrasaundi, haiumi, mtu anapakwa mafuta baridi kifuani basi. Mimi kwa mama wa miaka 58 mwenye presha na aliyemaliza kemo ningeomba eko na isiji (kile kipimo cha umeme wa moyo) kabla ya mionzi kuanza, muwe na picha ya mwanzo ya kulinganishia huko mbele.

Sasa mazoezi, na hapa usiruke neno. Mlaze mama chali kwenye mkeka, sio godoro laini, mikono yote miwili juu ya kichwa. Ngoja. Mikono kwanza. Baada ya upasuaji na hasa wakitolewa tezi za kwapani, bega la kushoto linakauka, mama anafunga mkono kwa sababu unauma, alafu anakuja kwetu mkono hauendi juu, na mashine haiwezi kupita, siti skani inaahirishwa wiki mbili na nauli imeshaliwa. Nimeliona hili mara nyingi mno na linaniuma kila mara. Kwa hivyo aanze leo kutembeza vidole ukutani kupanda juu, kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, mpaka mkono ufike juu ya kichwa na ukae hapo dakika 15 bila kulia.

Mikono ikikubali, avute pumzi, atoe, avute tena taratibu kwa pua, abane. Wengi wanakosea, wanainua mabega au wanakunja mgongo juu kama daraja wakidhani ndio kifua kimepanda. Mgongo ubaki chini. Na isiwe ile pumzi ya watoto wanaoruka gatini kupiga mbizi, wanajaza mpaka macho yatoke. Tunataka pumzi ya kiasi, lakini kila siku iwe ile ile, leo kama jana, manake mpango umechorwa kwa pumzi ya siku ya siti skani na akivuta ndogo leo moyo unarudi pale pale. Yule mama niliyemtaja alikuwa akishindwa, anavuta mabega yanapanda, nikamwambia "mama, nusa kama mtu amekuletea asumini mbichi." Akafumba macho akanusa, kifua kikapanda vizuri, mabega yakatulia. Tangu hapo siku zote 15 nilikuwa namwambia kwa spika "haya mama, asumini," naye anavuta.

Abane sekunde 20. Mwanzo atafika 8 au 10, musimcheke, wiki moja ataona tofauti. Na mwambieni hili ili asiogope: akiwa chini ya mashine akishindwa, akakohoa, akaishiwa, sisi tuko nje tunamtazama kwa kamera, mwale unakatwa papo hapo, anapumua, tunaanza tena. Kila siku huwa ni pumzi chache hivi, sio moja ya mwaka mzima. Shughuli yote kama robo saa na kulazwa sawa sawa ndiko kunakula muda.

Na kama hawezi kabisa, mathalan ana pumu, bado kuna njia. Mashine ina vibati vyembamba vya chuma kizito vinavyojipanga kuukinga moyo kwenye njia ya mwale. Wengine wenye maziwa makubwa wanalazwa kifudifudi ziwa linaning'inia mbali na kifua, ingawa kwa upande wa kushoto pumzi mara nyingi huulinda moyo vizuri zaidi ya kulala hivyo. Kwa hivyo akishindwa pumzi asirudi Lamu, aulize njia nyengine.

Mkifika kwa daktari wa mionzi muulizeni hivi, tena bila haya: je hapa mnatumia kubana pumzi kwa ziwa la kushoto? Wastani wa dozi ya moyo kwenye mpango wa mama ni grei ngapi? Je anapigwa na tezi za ndani karibu na mfupa wa kifua pia, na kwa nini? (Hizo tezi zikiingizwa dozi ya moyo hupanda, wakati mwengine ni lazima, lakini mjue.) Hiyo namba ya grei iandikwe kwenye barua yake ya kumaliza matibabu, muiweke na kitambulisho, manake miaka 10 mbele akienda kwa daktari mwengine na maumivu ya kifua au kuhema akipanda ngazi au miguu kufura, huyo daktari ajue mara moja kwamba kifua cha kushoto kilishapigwa mionzi. Na ulizeni pia kuhusu siku 5. Kuna utafiti wa Uingereza, FAST-Forward, wa 2020, wagonjwa 4096, ulionyesha grei 26 kwa siku 5 si mbaya kuliko 40 kwa siku 15 kwa wengi. Si kila mtu anafaa na si kila hospitali inafanya, lakini kwa mtu wa Lamu, boti mpaka Mokowe, basi zaidi ya kilomita 300, alafu chumba cha kukodi Mombasa wiki tatu, swali la siku 5 ni swali la maana. Akipewa 15 basi 15, na asiruke siku akaja nyumbani harusini, ikikatika katika nguvu yake inapungua.

Mambo mawili ya mama zetu ambayo hayasemwi. Kuvua nguo: ombeni wahudumu wa kike, na ombeni afunikwe mpaka dakika ya mwisho, ni haki yake na kwetu ni jambo la kawaida. Na vile vidoti vya wino wanavyochanja kwenye ngozi kuweka alama, mama wengine wanakataa kwa sababu ya dini wakiona ni chale. Semeni mapema, inawezekana kuchorwa kwa kalamu na kufunikwa na plasta, ila asizisugue akioga. Mionzi haibaki mwilini, wajukuu awabebe kama kawaida.

Na shangazi mpeni kazi. Akae na mama kwenye mkeka, asubuhi na jioni, ashike saa ya simu ahesabu sekunde kwa sauti, yeye ndio awe msimamizi, hofu yake itapata pa kukaa. Mama akifika 20 mara tano mfululizo mikono ikiwa juu na mgongo haujainuka, pigeni simu Mombasa muulize siku ya siti skani.